Kiu ya Chuma cha Mtalawe

“Chuma kilichozikwa nacho huona kiu.” Lusajo, fundi mwanafunzi, aliisikia kauli hiyo karakanani asubuhi, akaja na wenzake kumwuliza Mzee Sengondo ilikotoka. Mzee akavua miwani. Methali hii ilianza hivi, akawaambia, na chanzo chake ni jambo ambalo yeye mwenyewe alilitazama miezi minane asilione.

Enzi hizo Sengondo alikuwa fundi mpya wa ishara za reli katika stesheni ya Mtalawe, nchi kame, ambako filimbi ya treni ndiyo iliyokuwa saa ya watu. Umeme ulipokatika, jenereta ilishika kazi na taa za ishara zikaendelea kuwaongoza madereva. Aliipenda jenereta ile. Aliipaka rangi ya kijani, akaijua sauti yake hata akiwa sokoni. Nyuma ya chumba cha jenereta palikuwa na kishimo, na ndani yake kichwa cha nondo ya chuma iliyovikwa shaba, iliyopigiliwa chini ili radi ishukie ardhini, isiingie mitamboni. Kila jioni Bi Semeni, mfagizi wa stesheni, alimimina humo maji aliyosuuzia vikombe vya chai.

“We Bi Semeni, unamwagilia chuma? Kitachipua?”

“Cheka tu, baba. Fundi Mkude aliyekutangulia aliniusia: kisilale na kiu.”

“Mkude hakusoma chuo.”

“Haya. Siku kikinuna, mie simo.”

Chuoni Sengondo alifundishwa kwamba udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Alilijibu swali hilo kwenye mtihani akapata alama zote. Hakulitambua lilipomjia limeshika ndoo. Ukaguzi ulipokaribia, alikiziba kishimo kwa zege, pawe nadhifu.

Mwezi Novemba, kabla tone la mvua halijaanguka, radi ilipiga. Umeme ukakatika. Jenereta ikanguruma kama kawaida yake, lakini taa zote za ishara zilikuwa zimezimika na simu iko kimya: radi ilikosa njia katika udongo mkavu, ikarudi kupitia nyaya na kuunguza mitambo. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama njiani, ya abiria yaja, na kona ya Mtalawe haimpi dereva nafasi ya kuiona mapema taa isiyowaka. Sengondo alinyakua bendera nyekundu.

“Vua viatu, baba, ukimbie!” Bi Semeni alipaza sauti.

Treni ya abiria ilisimama hatua arobaini tu nyuma ya behewa la mwisho la mizigo. Dereva akachungulia dirishani, jasho likimtoka. “Fundi, jenereta yako naisikia hadi huku. Taa ziko wapi?”

Sengondo aliporudi stesheni, alimkuta Bi Semeni kando ya zege, mtaimbo mkononi. Aliupokea, akavunja. Udongo ulikuwa kama unga. Akamimina ndoo nzima. Maji yakazama papo hapo.

“Shikamoo, Bi Semeni,” alisema. Hakuwa amewahi kumwamkia hivyo.

“Marahaba. Kinachonguruma hakikosi wa kukihudumia, baba. Chuma kilichozikwa nacho huona kiu.”

Mzee akavaa tena miwani. Jenereta ile iliuzwa kama chuma chakavu zamani, ikaletwa nyingine, na Bi Semeni amezikwa Mtalawe.

“Chuma kilichozikwa nacho huona kiu,” Lusajo akarudia, safari hii polepole.

Tangu mwaka ule, Mtalawe hawaijaribu jenereta kabla ya kukimiminia maji kile kishimo.