Kofia za Mwiba Juu ya Kabati

Je, umewahi kumwona mtu akikililia kitu alichokishika mkononi? Ndivyo ilivyomkuta mama mmoja mshona nguo, mke wa fundi viatu.

Mumewe alikuwa na ugonjwa wake: kukusanya kofia za kale za askari wa Kijerumani. Ngozi nyeusi, tai wa shaba mbele, na mwiba utosini. Alizipanga juu ya kabati, kila moja ndani ya foronya yake. Ngozi kuukuu hukauka ikapasuka, basi kila Jumamosi mama aliipaka mafuta kwa ncha za vidole, kama anayempaka mtoto mchanga, kisha akaisugua shaba kwa ndimu na majivu hadi ikang'aa. Akimaliza, hushusha pumzi ndefu.

Alitamani kuvaa moja. Moja tu! Lakini zamani shemeji mmoja, mwenye kichwa kama boga, alijaribu kuvaa, ngozi ikatatuka, na fundi akafoka, "Hizi si za kuvaliwa na mtu!" Mama akameza mate. Tena mtu mzima mwenye wajukuu aseme anatamani mwiba kichwani, si atachekwa?

Fundi naye alizisikia zile pumzi, akadhani ni uchovu. Roho ikamsuta. Kimya kimya akamwita mnunuzi.

Mnunuzi akaja na makasha. Foronya zikaanza kushuka. Mama akasimama mlangoni.

"Baba watoto, unaziuza?"

"Upumzike, mama watoto. Nakusikia unavyohema ukizisugua."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Sasa unahemea nini, bibi wewe?"

Mnunuzi akainyanyua kofia ya mwisho. Mama akamrukia kama kuku mwenye vifaranga, akampokonya.

"Hii haitoki!"

"Unaitakia nini?" fundi akashangaa.

Mama akaficha uso kwa foronya. "Nataka kuivaa. Miaka yote nimetaka univishe, hata siku moja."

Fundi akacheka hadi machozi yakamtoka. Akamvisha, akamfunga ukanda kidevuni. Ikamkaa kama aliyepimiwa. Kisha akazitoa kofia nyingine makashani, akazirudisha zote juu ya kabati; mnunuzi akajiondokea na makasha yake matupu.

"Kumbe! Si ungesema tangu zamani?"

"Nawe si ungeuliza?" mama akajibu chini ya mwiba wake. "Mficha uchi hazai, baba watoto, nasi tulificha wote wawili."