Kengele ya Kitanda cha Tisa

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, naye alitumiwa na mtu ambaye hakumtaja. Kama umerudi kazini umechoka, kaa kwanza ndipo uisome.

Hospitali moja ya wilaya ilibadilisha bodi za mashine zake za oksijeni na za dripu. Bodi za zamani zikang'olewa, mpya zikafungwa, na fundi wa hospitali, mzee Ambokile, akabaki na boksi la chipu arobaini za bodi zile za zamani, vile vidude vidogo ambavyo ndivyo ubongo wa mashine. Zilikuwa nzima kabisa, ila zimepitwa na wakati.

"Zitafutie kazi kabla mwezi haujaisha," mganga mfawidhi alimwambia. "La sivyo zitupwe."

Ambokile alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na magoti yalimuuma. Hilo neno "zitupwe" halikumpendeza hata kidogo. Akabeba boksi lake mpaka wodi ya mifupa.

Huko alikuwapo nesi mmoja, Sista Atupele, na wagonjwa thelathini na wawili. Mgonjwa akitaka kitu hugonga kijiko kwenye chuma cha kitanda. Ambokile akaona kazi imepatikana. Akafunga chipu kwenye kila kitanda, zikawa kengele. Mgonjwa akibonyeza, kengele inalia mezani kwa nesi na namba ya kitanda inawaka.

Alijipongeza siku moja tu. Kuanzia siku ya pili kengele hazikunyamaza. Kitanda cha tisa ndicho kilichozidi. Bibi Tusekile, aliyevunjika nyonga, alibonyeza mara arobaini kabla ya chakula cha mchana.

"Mzee Ambokile, shikamoo. Njoo ung'oe mavitu yako," Atupele alisema, wala hakungoja marahaba. Miguu yake ilikuwa imevimba. "Vijiko vilinichosha. Hizi zinaniua. Barua ya kuacha kazi nimeshaandika, iko mfukoni."

Ambokile akachukua bisibisi, akaanzia kitanda cha tisa, tena kwa hasira.

"Bibi, mbona unamtesa binti wa watu? Mara arobaini!"

"Baba, wewe ukipiga hodi kwa mtu, kimya, unafanyaje?"

"Napiga tena."

"Na akikuitikia kutoka jikoni, 'Karibu, nakuja'?"

"Nakaa hapo nje, nasubiri."

"Basi mimi sijaitikiwa," bibi akasema. "Nikibonyeza sijui kama amenisikia. Ndiyo maana nabonyeza tena."

Ambokile alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliona aibu, maana alikuwa amewapa watu hodi bila karibu. Na kila chipu ilikuwa bado na miguu ya kuungia nyaya ambayo hakuipa kazi yoyote.

Akaweka taa ndogo ya kijani kwenye kila kitanda, na mezani kwa nesi kitufe cha kujibu. Nesi akikibonyeza, taa ya aliyeita inawaka, maana yake nimesikia, nakuja. Kazi hiyo ilimla siku nne na mgongo.

Wiki iliyofuata kitanda cha tisa kiliita mara tano kwa siku. Nesi alikuwa yuleyule mmoja, na wagonjwa walikuwa walewale thelathini na wawili.

Mganga mfawidhi akaja na simu yake kuzipiga picha kengele na taa. "Haya Sista, umefurahi?"

Atupele akatoa barua mfukoni, akaishika mkononi.

"Daktari, mwaka huu nimekuandikia mara tatu kuomba mwenzangu wa kunisaidia. Na mimi nimebonyeza. Taa yangu haijawaka."

Daktari akaishusha simu.

"Barua zako nilizipata zote," akasema. "Nimeomba mkoani, sijapewa mtu. Niliona haya kukujibu kwamba sina."

"Ungeniambia hivyohivyo."

"Nimekusikia, Sista. Leo sina mtu. Ijumaa nitakuja mwenyewe kukwambia nilipofikia, hata kama bado sina."

Atupele aliikunja barua, akairudisha mfukoni. "Basi nasubiri mpaka Ijumaa."

Kitanda cha tisa kikalia. Akabonyeza kitufe cha kujibu, akavuta pumzi, akaenda.

Funzo: Anayepiga hodi hachoshwi na kusubiri, huchoshwa na kimya. Kama huna cha kumpa mtu, usimnyime jibu.