Nahodha Mpya wa Chombo

Mhunzi hushika chuma chenye moto kwa koleo. Koleo likivunjika, mpita njia hudhani kazi imekwisha, lakini mhunzi hutafuta cha kushikia na kuendelea kufua. Jepkemboi aliisikia methali hiyo ya koleo tangu utotoni akaiona kuwa ni maneno ya watu wasio na shida, hadi siku koleo lake mwenyewe lilipovunjika.

Alikuwa na ukumbi wa video mtaani Langas, mjini Eldoret: chumba cha mabati, mabenchi ya mbao na runinga moja kubwa. Alipenda watu kama nyuki apendavyo ua. Kila Jumapili baada ya kanisa ukumbi ulijaa pomoni, na kilichowavuta watu ni kipindi cha Kiingereza kuhusu wasafiri wa nyota, ambacho wateja walikiita Chombo. Kilianza kabla Jepkemboi hajazaliwa, na bado kilikuwa kikitengenezwa. Majitu yake yalikuwa ya karatasi ngumu iliyopakwa rangi, na manahodha wake walibadilishwa kila mara kama makanga wa matatu. Swali moja lilimkereketa Jepkemboi: kitu kama hiki hakifi kwa nini?

Jibu aliloliamini lilikuwa Gerishon. Huyo ndiye aliyekuwa mtafsiri. Alisimama kando ya runinga na kipaza sauti, akiyageuza maneno kuwa Kiswahili na kuyatia chumvi yake. Majitu yenye vichwa vitatu aliyaita madalali wa mahindi, na wakulima waliotoka Sugoi wakayachukia kwa dhati, kana kwamba yaliwapunja msimu uliopita.

Basi mwenye ukumbi mpya kule Cheptiret akamrubuni Gerishon, naye akaenda bila hata kuaga. Jepkemboi alivunjika moyo. Alimwambia Adoyo, muuza mboga wa pale mlangoni, kwamba Chombo bila Gerishon ni chai bila majani. Akakiondoa kipindi, akaweka filamu za risasi zisizohitaji mtafsiri.

Jumapili ya kwanza watu walikuja, wakatazama, wakaenda zao kimya. Baada ya hapo walipungua kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, hata inzi wakawazidi wateja. Mwenye nyumba, Mzee Kipchumba, akaja na habari kwamba kuna mtu anayekitaka chumba kiwe ghala la mbolea. Mzee mwenyewe angepita Jumapili ijayo, na akikuta mabenchi matupu, ukumbi ungekuwa umekwisha.

Jepkemboi hakulia. Alitoka nje kuuliza, maana kuuliza ndiko kulikokuwa kazi yake ya pili. Akamkuta Nur, mwenye duka la jirani, akibishana na Adoyo iwapo nahodha mzee wa Chombo alikosea kumfukuza binti yake. Ubishi ulikuwa mkali hivi kwamba mama aliyekuja kununua sukuma alitua kikapu chini ili auingilie.

"Mbona mnagombania kipindi nilichokwisha kuondoa?" Jepkemboi aliuliza.

"Mama, filamu zako za risasi zikiisha, zimeisha," Nur alijibu. "Mwenye bunduki ameshinda, haya, twende nyumbani. Chombo kinaniachia swali. Ninamletea huyu Adoyo, ananitukana wiki nzima, kisha tunarudi kuona ni nani mwongo."

"Na mwongo huwa yeye," Adoyo alisema huku akifunga fungu la mboga za managu.

Jepkemboi alirudi ndani polepole. Manahodha walikuwa wamepita, ubishi ukabaki. Hapo akapiga moyo konde, akachukua chaki na kuandika kwenye ubao wa mlangoni: CHOMBO JUMAPILI. Nani angetafsiri, hakujua.

Watu walikuja, wengine kwa hamu ya kipindi, wengine wapate tu kuona vile angeumbuka. Mzee Kipchumba alisimama mlangoni, koti la mvua begani. Kwenye runinga nahodha mzee alikuwa akikata roho mbele ya binti yake, ufunguo mkononi. Kiingereza kilitiririka. Kipaza sauti kilikuwa juu ya runinga, bila wa kukishika.

"Anamwambia, ufunguo huu usimpe dalali yeyote," Adoyo alisema gizani.

"Hajasema hivyo," Nur akamkata. "Anamwomba msamaha."

"Msamaha wa nini, na yeye ndiye baba?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mkulima mmoja akadai kuwasemea madalali, kwa kuwa yeye ndiye aliyewajua vizuri. Kipaza sauti kikapita mkono kwa mkono kama kibuyu cha maziwa ya mursik harusini. Mzee Kipchumba alikalia ncha ya benchi akamuuliza jirani yake kwa nini binti analia. Habari ya mbolea hakuitaja tena.

Mlango ulifunguka kidogo. Alikuwa Gerishon. Kule Cheptiret walikuwa wameishia kuonyesha mpira tu, na udadisi ulikuwa umemshinda.

"Nahodha amekufa?" alinong'ona. "Sasa nani ameshika usukani?"

Adoyo hata hakugeuka. Alisema kwa kipaza sauti, "Kaa chini, Gerishon. Unatuzibia."

Gerishon akaketi sakafuni pamoja na waliokosa nafasi. Jepkemboi akautazama ukumbi uliojaa, kila mtu akimkosoa mwenziwe, akaona swali lake la siku nyingi limejijibu lenyewe. Kwa hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.