"Si Mbaya," Alisema Bi Nguchiro

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Sema wewe, sisi tumeshakaa!

Pakawa bwawa, bwawa likawa na maji, na maji yakawa na mwenyewe. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye masikio asogee.

Basi. Mwaka huo mvua ilisahau njia. Mito ikakauka, visima vikakauka, maji yakabaki mahali pamoja tu, bwawa la Mtapwe. Na ndani ya bwawa la Mtapwe alilala Kiboko. Hakulala pembeni, alilala katikati. Akija Paa kunywa, Kiboko hufungua kinywa: hwaa! Paa huyo, mbio. Akija Nungunungu: hwaa! Nungunungu huyo, mbio. Akija Kanga na vifaranga wake: hwaa! Hata vifaranga hakuwaonea haya.

"Maji yangu," husema Kiboko. "Mimi ndiye mwenye ngozi kubwa ya kulowanisha."

Bi Nguchiro alikaa shimoni jirani na bwawa, na watoto wake watatu. Alikuwa mdogo, ukimtia kwenye pakacha, nafasi inabaki. Asubuhi moja yule kitindamimba wake alifungua kinywa kulia, sauti isitoke. Ulimi ulikuwa umemkauka. Bi Nguchiro aliumia sana moyoni. Alitaka akamng'ate Kiboko pua, kisha akajicheka mwenyewe, maana pua yenyewe ilikuwa kubwa kuliko yeye. Akaenda kukaa ukingoni juu ya jiwe, mbali kidogo na kinywa.

"Shikamoo, mzee Kiboko."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sikufuata maji, mzee. Nimekuja kupiga soga tu. Siku hizi unasikiliza muziki gani?"

Tangu azaliwe, Kiboko hakuwahi kuulizwa neno kama hilo. Masikio yakamtikisika: pe, pe, pe.

"Muziki! Muziki wa siku hizi una nini? Vyura wana mdundo, maneno hawana. Kroo, kroo, kroo mpaka alfajiri, na wimbo haujafika popote. Nyenje ndiyo basi tena, ameshika sauti moja tangu kiangazi kianze. Hondohondo alikuwa mzuri zamani, kabla hajaanza kujiona."

"Na Kanga je?"

"Kanga haimbi, anagomba."

Bi Nguchiro alijua vizuri kwamba masikio ya Kiboko hushinda majini, na kwamba nyimbo zote hizo alizisikia kupitia mapovu. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye alikuwa anainama taratibu.

Sasa, wanyama wa Mtapwe walikuwa na ada yao ya ngoma. Ukiusifu wimbo, inuka ukamtuze mwimbaji. Ukiukosoa, ingia uwanjani uimbe wewe. Ndiyo maana kule wengi walisikiliza kimya.

"Ala, mzee," akasema Bi Nguchiro, "mbona umewakosoa wote? Basi uwanja unakuita."

"Nitoke majini? Mimi?"

"Ada ni ada. Lakini mwenye sikio kama lako akiimba, nani atazuia mkono? Nungunungu ana mihogo, Kanga ana mtama. Watakaokusifu watakutuza, na tuzo za mwimbaji hazigawanywi."

Mihogo! Tumbo la Kiboko likajibu kabla ya mwenyewe: nguru, nguru.

Alasiri, jua lilipopoa, Kiboko akatoka: pwata, pwata, pwata, mpaka uwanjani, pale palipoinuka. Akamkuta Bi Nguchiro ameketi mbele, peke yake.

"Wasikilizaji wengine wako wapi?"

"Wote wamejitolea kuwa waitikiaji wako, mzee. Na waitikiaji hukaa wapi?"

"Nyuma ya mwimbaji," akasema Kiboko, maana muziki anaujua.

Na nyuma ya mwimbaji ndiko kulikokuwa na bwawa. Kiboko akapanua kifua, akaimba:

"Maji yangu, tope langu, kiu yenu! Hoo, hoo!"

"Kiu yetu! Hoo, hoo!" wakaitikia nyuma, midomo ikichuruzika.

Paa akanywa, gu-gu-gu. Nungunungu akanywa, gu-gu-gu. Watoto wa Bi Nguchiro wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma, na yule kitindamimba akapata sauti, akaitikia kwa nguvu kuliko wote. Mama yake alimsikia kutoka kule juu, akafurahi karibu alie.

"Mbona waitikiaji wachache?" akauliza Kiboko.

"Wengine wanalowanisha makoo, mzee. Koo kavu haliitikii."

"Kweli hiyo. Haya, unauonaje wimbo?"

Hapo ndipo penyewe. Akisema mzuri, atuze na ngoma imekwisha. Akisema mbaya, aimbe yeye, na Kiboko arudi zake majini. Bi Nguchiro akainamisha kichwa upande, akafumba jicho moja.

"Si mbaya," akasema.

"Si mbaya?"

"Si mbaya. Lile 'hoo' la pili ndilo lililonikaa. Hebu urudie kesho, nilisikilize vizuri."

Kesho yake Kiboko akatoka: pwata, pwata, pwata. Akaimba, wakaitikia, wakanywa. "Unauonaje?" "Si mbaya. Unaanza kuniingia." Kesho yake tena, pwata, pwata, pwata. "Unauonaje?" "Si mbaya. Labda ukiuimba polepole zaidi." Akauimba polepole zaidi, na Kanga akapata nafasi ya kuwaogesha vifaranga.

Kiangazi kizima kikaenda hivyo. Na kusema haki, Kiboko alianza kuimba vizuri. Bi Nguchiro alijikuta anauvumisha wimbo ule akifagia shimo lake, akajikasirikia, akaendelea kuuvumisha.

Siku moja mvua ikakumbuka njia. Ikanyesha, visima vikajaa, maji yakawa kila mahali. Bi Nguchiro akapanda uwanjani, akasimama kwa miguu miwili.

"Mzuri, mzee! Mzuri mno!" Akamwekea miguuni tuzo yake: kifuu cha maji.

Kiboko akayanywa. Machozi yakamlengalenga, maana hakuna aliyewahi kumpa kitu.

"Matamu maji haya," akasema. "Umeyapata wapi?"

"Nilikuwa nimekuwekea, mzee."

"Ahsante sana, Bi Nguchiro. Wewe unajua muziki."

Basi tunafundishwa nini, jamani? Tunafundishwa kwamba ukiulizwa kuhusu wimbo, useme kweli yako papo hapo, bila kuzungukazunguka. Kusitasita hakujawahi kumnywesha mtu maji.

Hadithi yangu naiweka chini. Ikiwa nzuri, nituzeni. Ikiwa mbaya, njooni mkae hapa msimulie ninyi. Haya, mnaionaje?

— Si mbaya!