Makuyu Sita na Makuyu Kumi na Manne

Paukwa!
"Pakawa!"
Pakawa nini? Uji wote ule mmekunywa, sauti hamna? Paukwa!
"Pakawa nyani na kichuguu!"
Haya, hapo sawa.

Nguchiro, kale kanyama kadogo kenye mkia mrefu, aliishi ndani ya kichuguu na mkewe na watoto sita. Siku moja Nyani akaja, akapanda juu, akaketi, pwaa!

"Hameni. Kumbikumbi wa hapa watamu, napataka."

"Tushindane kwanza, Bwana Nyani," akasema Nguchiro. "Siku mbili, tutupie mawe makuyu ya mti ule. Kila siku mtu atupe mawe apendayo, yasizidi kumi. Akilenga yote, alama kumi. Akilenga nusu, tano. Kisha tujumlishe alama za siku mbili, tugawe kwa mbili. Ukishinda, nahama. Nikishinda, huji tena."

"Na kuyu nikiliangusha, nakula?"

"Unakula."

"Nimekubali!"

Mzee Kobe akawa mwamuzi. Siku ya kwanza Nyani akatupa. Vuu! Pu! Akala. Vuu! Pu! Akala. Mawe kumi, makuyu saba.

"Alama saba," akasema Kobe.

Nguchiro akaupa mti mgongo, maana wenzetu hao hutupa kwa nyuma, katikati ya miguu. Vuu! Pu! Kuyu moja chini. Akajipangusa mikono.

"Leo yanitosha."

"Jiwe moja, kuyu moja. Amelenga yote. Alama kumi," akasema Kobe.

Nyani akacheka mpaka tumbo likamtikisika. "Mimi nimekula saba, yeye moja! Masikini we!"

Siku ya pili Nyani akapata saba tena, akala saba tena. Nguchiro akatupa. Vuu! Kimya. Amekosa! Loo, sasa jiwe moja halitoshi. Vuu! Pu! Vuu! Kimya. Mpaka mawe tisa, makuyu manne tu.

"Baba Watoto," mkewe akalia, "tutalala wapi?"

"Ninyamazie kidogo, mke wangu." Akaupa mti mgongo tena. Jiwe la kumi. Vuuuu!

Pu!

Kobe akahesabu polepole, si mnamjua. "Nyani, saba ujumlishe saba, ugawe kwa mbili: saba. Nguchiro, kumi ujumlishe tano, ugawe kwa mbili: saba na nusu. Nguchiro kashinda."

"Wizi!" Nyani akaruka. "Mimi nimeangusha kumi na manne, yeye sita! Siku ya jiwe moja inalinganaje na siku ya mawe kumi? Kila siku ipewe uzito kwa wingi wa mawe yake!"

"Maneno mazuri hayo," akasema Kobe. "Ungeyasema siku ya kupatana. Siku ile uliuliza habari ya kula tu."

Nyani akaenda zake, tumbo limejaa, nyumba hana. Nguchiro na wanawe wakaketi juu ya kichuguu wakila kumbikumbi, raha mustarehe.

Ngano yangu imekomea kichuguuni, anayeitaka aifuate huko huko. Funzo? Wanangu, Nyani ndiye aliyejua hesabu. Basi someni hesabu kwa bidii, mpate kueleza vizuri mlivyoshindwa.