Bunduki Iliyochelewa Kulia

Ngiri walikuwa wameshamaliza nusu ya mahindi ya Bi Chiwalo alipokwenda kwa tajiri Lihaula, muuza silaha, akanunua bunduki kuukuu. Alipoitia risasi na kuijaribu shambani, haikulia. Akairudisha dukani.

"Mali ikishatoka hapa hairudi," alisema Lihaula. "Tena bunduki hiyo ni nzima. Huchelewa kidogo tu."

"Huchelewa kiasi gani, baba?"

"Wewe vuta kifyatulio, kisha usubiri. Italia tu."

Kesho yake, duka likiwa limejaa wateja, Bi Chiwalo aliingia, akailaza bunduki mezani, mdomo ukimwelekea Lihaula, kisha akajikalia pembeni.

"Bibi, kuna nini tena?"

"Nimevuta kifyatulio alfajiri, baba. Nasubiri ilie, kama ulivyonielekeza."

Wateja walitoka mbio. Lihaula alijitupa chini ya meza.

"Iondoe! Nakiri ni mbovu! Chukua ile mpya ukutani, uende zako!"

Bi Chiwalo aliitungua bunduki mpya, akashukuru, akatoka. Njiani jirani yake, mmoja wa wateja waliokimbia, alimuuliza, "Hukuogopa kwamba ingekulipukia wewe mwenyewe?"

"Ingelipuka na nini?" alijibu Bi Chiwalo akicheka. "Leo sikutia risasi hata moja."