Nani Anamvumilia Bibi Nanzighe

Mwanamke mmoja alikuwa na moto. Aliachiwa na baba zake, na kazi yake ilikuwa moja tu, usizimike. Jina lake Bibi Nanzighe, na huko milimani alikokaa baridi haina simile. Mtu asiye na moto haamki.

Jiko la Bibi lilikuwa na miiko. Jumamosi hachochei wala haongezi kuni. Alichopanga Ijumaa ndicho hicho. Si kila chungu kiliruhusiwa kupanda mafigani. Hakumwita mtu aje kuota kwake, lakini pia hakumfuata mtu kwake kumwambia moto wako si moto. "Kikiiva, ni moto," alisema, akaendelea na yake. Wanawe walibishana mle jikoni juu ya namna ya kupanga kuni, wakapigiana kelele, halafu wakala sahani moja. Hakuwa malaika. Binti aliyeolewa nje ya ukoo alililiwa kama maiti, na kijana mmoja aliyeuliza swali la ziada alifungiwa mlango. Hilo nalo lisemwe.

Mwanawe Nakiete alichukua kaa la moto kwa mama, akajenga jiko kubwa kuliko yote mlimani. Alikaribisha kila mtu: tajiri, mlevi, mwizi, mgeni asiyejua hata salamu. Ukianguka anakuinua; ukianguka tena, anakupakulia tena. Huo ulikuwa upana wake, na asiyeuona ana husuda. Ila chungu kilikuwa kimoja na upawa mmoja, na mshika upawa ni yeye. Aliyethubutu kupika nje alivunjiwa chungu. Kuhusu mama yake alisema, moto ule ulishahamia kwangu, kule limebaki jivu. Akamhamishia bondeni, penye maji yaliyotuama, na ng'ombe wa mtu akifa, macho yote yaligeukia bondeni.

Nakiete naye akamzaa Senzia, na habari hii ni ya Senzia.

Senzia alikuwa na mdomo. Siku moja alisimama katikati ya jiko, watu wameshika bakuli zao, akasema, "Mama, hii sistimu imeoza. Kila mtu ana mkono, kwa nini asijipakulie?"

"Haya, toka na huo mkono wako, tuone utapika nini."

Akatoka na kaa kwenye kigae, akavuka mto, akawasha lake. Akatangaza uhuru: hapa hakuna mwenye upawa, kila mtu na dhamiri yake. Watu wakafurika. Haukupita muda, mmoja akasema ugali husongwa kwa mkono wa kulia tu. Senzia akamwita mpotoshaji, akamfukuza. Yule akafungua jiko lake, naye akafukuza wa kwake. Leo ukisimama ng'ambo unahesabu moshi hadi uchoke, na kila moshi una kibao na spika, na kila spika inapiga kelele kwamba hapa ndipo penye uhuru.

Mwanzoni Senzia alimpenda bibi yake mno. Alishuka bondeni, akawatukana waliomtupa kule, akamwita mama wa wote. Alikuwa na hesabu zake: masizi ya mama nimeshayaondoa, sasa Bibi atahamia kwangu. Bibi alimpa kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Nimefurahi una moto, mjukuu wangu. Mimi nina wangu."

Hapo ndipo alipoharibika. Mtu aliyekataa kupakuliwa na mama yake hakuweza kustahimili bibi akikataa kupakuliwa naye. Alipanda kilima na maneno ambayo hata Nakiete hakuwahi kuyatema. Akasema kwenye spika kwamba ajuza yule ndiye anayeua ng'ombe, kwamba kibanda chake ni uchafu, kwamba atakayekichoma hana dhambi. Alisema kwa hasira tu, wanadai watetezi wake. Sawa. Vijana waliomsikia hawakuwa hata na hasira. Waliyachukua yale maneno kama mtu anavyochukua jembe.

Wakateremka mchana kweupe, wengine kutoka kwa Nakiete, wengine kutoka kwa Senzia, na siku hiyo hawakubishana juu ya upawa. Mienge waliiwasha kwenye majiko yao. Watu wachache, wachache sana, walificha wajukuu wa Bibi uvunguni. Wengi walifunga madirisha, eti moshi. Na moto uliokula kile kibanda, pamoja na wanawe waliokuwamo, ulikuwa wa Bibi mwenyewe. Ulitoka mikononi mwake, tangu lile kaa la kwanza.

Bibi alitoka hai.

Ndipo adabu ikaingia. Nakiete akaifuta rasmi ile kauli ya jivu. Senzia akaunda kamati, akaandaa kongamano la uvumilivu, na maji ya chupa, na posho. Bibi akaitwa, akakalishwa mbele kwenye kiti cha plastiki kilichovishwa kitambaa. Senzia alitaka neno moja tu kutoka kwake: wewe si kama wao. Bila neno hilo hakuweza tena kuota hata moto wake. Kila akinyoosha mikono, aliona mienge.

Nakiete akaanza. Kwake, akasema, wanaingia watu wa kila kabila, hakuna anayeulizwa alikotoka.

"Na waliovunjiwa vyungu, Mama, waliingilia mlango gani?"

"Wamo humuhumu, wanakutazama. Na wewe mwanangu, wa ugali wa kulia yuko wapi?"

"Mimi angalau sikumtupa mtu bondeni!"

"Ni kweli. Wewe ulimfuata kulekule na kiberiti."

Watu wakacheka, Mungu atusamehe. Walicheka yule mwanamke akiwa amekaa pale. Senzia akasimama. Akachukua kipaza sauti, akamgeukia bibi yake, sauti imelainika kama ya mtu anayeomba maji.

"Bibi, hebu sema wewe. Kati yetu, nani amekuvumilia zaidi?"

Bibi Nanzighe akamtazama.

"Kwani nilikosa nini, hata nivumiliwe?"

Hakuna aliyecheka. "Sori, Bibi," akasema Senzia, maana kuna watu aibu ikiwabana hukimbilia lugha ya kukopa. Bibi akainuka, akajishikilia kwenye kiti, akatoka taratibu, na hakuna hata mmoja aliyejua kama amsindikize au amwache. Senzia alibaki na kipaza sauti mkononi.

Nakiete ni Kanisa Katoliki. Senzia ni sisi Waprotestanti, msigeuze shingo kutafuta mwingine. Na Bibi ni Myahudi, ambaye zaburi zake tunaziimba kila Jumapili kana kwamba tulizitunga sisi. Basi wewe unayejisifu moyo mpana kwa kuwa umemwekea jirani kiti: ni nani aliyekuambia kwamba nyumba ni yako?